Mlango wa Pini 25

Ndugu msomaji, historia tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya wafalme, vita na mikataba. Sikumbuki mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akasema, "Leo tutajifunza historia ya tundu." Basi mimi leo naomba niandike historia ya tundu. Ni lile tundu refu lenye nafasi za pini 25 lililokaa nyuma ya kompyuta za zamani. Maofisini liliitwa tundu la printa. Mafundi waliliita poti sambamba.

Najua utauliza: gazeti la fasihi na tundu la printa, wapi na wapi? Vuta subira. Tundu hili lilitengenezwa kwa ajili ya kazi yetu sisi, yaani kupeleka maandishi kwenye karatasi. Wakaja watu wa muziki, wakalikuta limekaa tu, wakaanza kulitumia kuwasha taa, kuzungusha mota na kugonga kengele, huku amri zote zikitoka ndani ya programu ya kutengenezea sauti. Mwishowe likafungwa. Lilifungukaje, na nani alilifunga? Hicho ndicho kisa chenyewe, na naamini kinamhusu kila kijana anayetaka kutengeneza kitu kwa mkono wake bila kupiga hodi kwa mtu.

LILIZALIWA KWA AJILI YA KARATASI

Mwaka 1970 kampuni ya Centronics, ya mji wa Hudson, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, ilitoa printa iliyoitwa Model 101. Ilikuwa printa ya vitone, zile zenye kelele kama cherehani: sindano ndogondogo zinagonga utepe wa wino, vitone vinajipanga, unaona herufi. Haba na haba hujaza kibaba.

Printa hiyo iliunganishwa na kompyuta kwa plagi ya pini 36. Plagi hiyo ilichaguliwaje? Usidhani kulikaa kikao cha wataalamu. Centronics ilikuwa imechipuka kutoka kampuni ya Wang, na Wang walikuwa na plagi kama 20,000 zilizobaki stoo kutokana na mashine zao za kupigia hesabu. Wakazitumia hizohizo. Kumbe viwango vya dunia navyo vinaweza kuzaliwa kwa mabaki ya stoo!

Agosti 1981 IBM walipotoa kompyuta yao ya mezani, iliyokuja kuigwa na kampuni chungu nzima, mfumo wa nyaya ulibaki uleule wa Centronics, ila upande wa kompyuta walipunguza pini kutoka 36 hadi 25. Huo ndio mlango wetu.

Sasa tuingie jikoni. Ndani ya kompyuta herufi ni namba, na namba hiyo inaandikwa kwa biti 8, yaani alama 8 ambazo kila moja ama ipo ama haipo. Biti ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, halafu 8, 16, 32, 64, na ya nane 128. Herufi A kubwa ni namba 65. Ukitaka kuipata unawasha biti ya 64 na biti ya 1, nyingine zote unazima. Tundu la printa lilikuwa na nyaya 8 za data, kila biti na waya wake, hivyo herufi nzima ilitoka kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana likaitwa sambamba: watu wanane wametoka bega kwa bega, badala ya kupanga foleni mmoja nyuma ya mwenzake.

Nyaya nyingine zilikuwa za mazungumzo. Kompyuta inaweka herufi kwenye nyaya 8, kisha inatikisa waya mmoja, kama kusema, "Haya, chukua." Printa inajibu kwa waya mwingine, "Ngoja, nina kazi." Ikimaliza inasema, "Nimepata, lete nyingine." Kulikuwa na waya hata wa kusema karatasi imekwisha. Ukijumlisha, data ni nyaya 8, amri za kompyuta 4, majibu ya printa 5, jumla 17. Nane zilizobaki ni za ardhi, za kurudishia umeme. 17 na 8 ni 25. Hesabu imetimia.

Hapo kuna jambo naomba ulikamate, maana hadithi yote imelalia hapo. Tundu lile lilikuwa bubu. Halikujua kabisa kama upande wa pili kuna printa, taa au kiazi. Kwa kawaida lilikuwa na anwani yake ndani ya mashine, ambayo kwa hesabu zetu za kawaida ni 888. Programu ikiandika namba kwenye anwani 888, basi palepale nyaya zenye biti iliyowashwa zinapata umeme wa kama volti 5, na zile za biti iliyozimwa zinakaa karibu na sifuri. Hali hiyo inabaki vilevile mpaka iandikwe namba nyingine. Hakuna maswali, hakuna "wewe ni nani." Ni mlango usio na askari.

TUNDU LAANZA KUIMBA

Miongoni mwa walioushtukia mlango huu mapema walikuwa watu wa sauti. Kompyuta za ofisini za miaka ya 1980 zilikuwa na spika ya kulia "piii" tu. Mwaka 1987 kampuni ya Covox, ya mji wa Eugene, Oregon, ilikuwa sokoni na kifaa kilichoitwa Speech Thing. Ukikifungua ndani unakuta, zaidi ya yote, rizista zilizopangwa kama ngazi. Kazi ya ngazi hiyo ni kuzikusanya zile biti 8 ziwe umeme mmoja unaopanda na kushuka. Ukiandika 0 umeme uko chini, ukiandika 255 uko juu, ukiandika 128 uko katikati. Ukibadilisha namba hizo maelfu ya mara kwa sekunde, ukaunganisha na spika yenye amplifaya, unasikia mtu anaongea! Tundu la maandishi limepata koo.

Vijana wa nchi nyingi, hasa Ulaya Mashariki, hawakusubiri kununua. Rizista ni bei chee, na mchoro ulikuwa rahisi hata kuchorwa nyuma ya daftari. Wakajiunganishia wenyewe. Kadi za sauti zilipoenea miaka ya 1990 kifaa hicho kilikosa kazi, lakini somo lilibaki: ule mlango unaweza kutoa kitu chochote kinachoweza kuandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 255.

WATU WALIOCHORA MUZIKI

Tuliache tundu hapo kidogo, tuvuke upande wa pili, kwa wanamuziki.

Mwaka 1957, katika maabara za Bell kule Marekani, mhandisi Max Mathews aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta ya IBM 704 kutoa muziki. Kipande cha kwanza kilikuwa cha sekunde 17. Miaka 20 baadaye, mwaka 1977, mjini Paris, Ufaransa, kilifunguliwa kituo cha IRCAM chini ya mtunzi Pierre Boulez, mahali pa kuwakutanisha wanamuziki na wahandisi. Huko ndiko Mmarekani Miller Puckette alikoandika programu katikati ya miaka ya 1980, akaipa jina la yule mzee: Max.

Uzuri wa Max ni kwamba huandiki mistari ya amri. Unachora. Kwenye skrini unaweka visanduku, kila kisanduku na kazi yake, halafu unaviunganisha kwa nyaya za kuchorwa. Kisanduku hiki kinahesabu, kile kinachelewesha, kile kinapiga noti. Wazo lilitoka kwenye sinthesaiza za zamani, ambazo mpigaji alichomeka nyaya halisi toka tundu moja hadi jingine mpaka sauti aitakayo itoke. Mchoro mzima unaitwa pachi. Mtunzi Philippe Manoury aliitumia Max katika kazi yake Pluton ya mwaka 1988, ambapo kompyuta inamfuata mpiga piano badala ya mpiga piano kuifuata kompyuta.

Mwaka 1990 Max iliingia sokoni kupitia kampuni ya Opcode. Ilikuwa programu ya kununua, na mashine yake ilikuwa Macintosh. Wenye kompyuta za kawaida za Windows walisubiri mpaka 2003. Na hizo Macintosh, washikaji, hazikuwa na tundu letu. Kwa hiyo aliyekuwa na programu hakuwa na mlango, na aliyekuwa na mlango hakuwa na programu.

Lakini Puckette alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, na mwaka 1996 alitoa programu mpya aliyoiita Pure Data, kwa kifupi Pd. Ni ndugu wa Max, ya visanduku na nyaya vilevile. Tofauti ni kwamba ilitolewa bwerere, na maandishi yake ya ndani yaliachwa wazi ili anayetaka aongeze chake. Ilikuja kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, za Windows na za Linux. Sasa programu na mlango vilikuwa nyumba moja. Alihitajika mtu wa kuvikutanisha.

NDOA YAFUNGWA

Ndoa hiyo ilifungwa kwa kisanduku kimoja. Mjini Graz, Austria, kwenye taasisi ya muziki wa kielektroniki, ulitengenezwa mkusanyiko wa visanduku vya nyongeza vya Pd uitwao zexy. Kimojawapo kinaitwa lpt, jina ambalo kompyuta zile zililitumia kwa tundu la printa. Kazi yake ni moja tu: ukikipa namba, kinaipeleka tunduni.

Tufanye mfano. Unaweka kisanduku kiitwacho metro, kinachogonga kama saa ya ukutani kila baada ya milisekunde 500. Chini yake unaweka hesabu inayotoa 1, halafu 2, 4, 8, mpaka 128, kisha inarudi mwanzo. Chini kabisa unaweka lpt. Nyuma ya mashine, kwenye kila waya wa data, unafunga taa ndogo ya LED na rizista yake. Ukiwasha, mwanga unatembea kutoka taa ya kwanza hadi ya nane, halafu unaanza upya. Ukipeleka 3, zinawaka mbili za mwanzo. Ukipeleka 255, zote. Nyaya 8 zinakupa michanganyiko 256.

Kisha unaongeza maikrofoni. Pd ina kisanduku kiitwacho bonk~, kinachosikiliza sauti na kutambua kila pigo la ngoma. Kiunganishe na lpt, na kila mpigaji akishusha mkono taa inawaka. Hapo siyo mchezo tena, ni jukwaa: mtu anapiga ngoma halisi, ya ngozi, na chumba kinamjibu kwa mwanga.

Mwenye tamaa zaidi alitaka mota, au nyundo ya kugonga kengele. Hapo ilibidi kuwa na adabu, maana umeme wa tundu ni kidogo mno, wa kutosha taa ndogo tu. Anayefunga mota moja kwa moja anaunguza tundu. Dawa yake ilikuwa kuweka transista katikati: tundu linatoa amri, na umeme wa nguvu unatoka kwenye chanzo kingine. Ipo chipu inaitwa ULN2803 ambayo ina jozi 8 za transista ndani yake, sawasawa na idadi ya nyaya zetu, pamoja na dayodi za kumeza ule umeme unaorudi kwa kishindo pale mota au rilei inapozimwa. Na umeme wa ukutani haukupaswa kabisa kugusa nyaya hizo. Huo ulikatiwa mbali, nyuma ya rilei.

Kuna kituko kimoja ambacho mafundi wa mambo haya wanakijua. Taa iliwahi kuwaka kabla ngoma haijasikika! Sababu ni kwamba kompyuta haitoi sauti papo hapo. Pd huikokotoa sauti kwa mafungu ya sampuli 64, na kwa kawaida sekunde moja ina sampuli 44,100. Mafungu hayo yanapangwa foleni ili sauti isikatikekatike, na foleni inaweza kuchukua makumi ya milisekunde. Lakini namba inayokwenda kwenye tundu la printa haipangi foleni. Inapita moja kwa moja. Kwa hiyo unaona mwanga kwanza, sauti baadaye, kama radi na ngurumo yake. Tiba ilikuwa kumchelewesha aliye mbele: unaweka kisanduku cha delay kabla ya lpt, unajaribu milisekunde mpaka jicho na sikio vipatane. Mbio za kupita kiasi nazo zilihitaji breki.

MLANGO WAFUNGWA

Mambo yalipoiva ndipo yakaanza kuharibika.

Katika Windows 95 na 98 programu yoyote iliweza kuandika kwenye anwani 888. Lakini Windows za ukoo wa NT zilikataza jambo hilo, na mwaka 2001 Windows XP ikauingiza ukoo huo majumbani. Programu ya kawaida ikitaka kugusa tundu moja kwa moja ilizuiwa mlangoni. Ilibidi utafute draiva maalumu ya kukupitishia ujumbe. Linux nayo ilitaka uwe na ruhusa ya mwenye mashine, au upitie kwenye njia rasmi.

Tuwe wakweli, askari hakuwekwa kwa chuki. Programu inayogusa vyuma vya mashine bila mpango inaweza kugandisha kompyuta nzima. Kompyuta ilikuwa imegeuka mahali pa siri na pesa za watu. Mlango usio na mlinzi unapitisha msanii, na mwizi pia unampitisha. Hilo nalikubali.

Pigo la pili lilikuwa la kiwanda. USB ilitoka mwaka 1996, na mwaka 1998 iMac ya Apple ikaonyesha kwamba kompyuta inaweza kuuzwa bila matundu ya zamani. Katika miaka ya 2000 kompyuta za mkononi zikaanza kuliacha tundu la printa, na za mezani zikafuata. Wapo waliokimbilia waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa, wakidhani wameokoka. La hasha! Waya ule unajua kuongea na printa tu. Hauna anwani 888. Kwa sura ni mlango, ila nyuma yake kuna ukuta.

Kazi ile ikahamia kwenye vibao vidogo. Mwaka 2005, mjini Ivrea, Italia, ilizaliwa Arduino, kibao chenye akili yake kidogo kinachochomekwa kwenye USB. Pd inaweza kuongea nacho, nacho kinawasha taa, kinazungusha mota, na kinapima mwanga au joto na kuirudishia kompyuta habari. Kwa uwezo kimelishinda tundu mbali sana. Ukikiunguza, umeunguza kibao tu, mashine yako iko salama. Tena michoro yake nayo iliachwa wazi, kama Pd. Siwezi kulia kwamba zamani kulikuwa bora.

KALAMU NA TUNDU

Lakini kuna jambo nataka kulisema kabla sijaweka kalamu chini. Centronics hawakumpa mtu tundu la sanaa. IBM hawakuweka pini 25 ili mtu wa Graz au wa Poland aimbishe kengele. Walitengeneza kitu cha ofisini, cha ankara na barua. Kilichowafungulia wasanii ni mambo mawili tu. Kwanza, kitu chenyewe kilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu mmoja, kwa jioni chache, aliweza kukielewa chote, waya kwa waya. Pili, hakikuuliza unataka kukifanyia nini. Penye mambo hayo mawili usanii unaota hata kama hakuna aliyeupanda. Pakikosekana hata moja, unabaki kutumia kile tu ambacho mwenye kiwanda alikiwazia.

Sisi wa kalamu tuna kitu cha namna hiyo mkononi. Lugha yetu mtu anaijua yote tangu utotoni, na karatasi haimuulizi mtu cheti. Mimi niliishia sekondari, na riwaya ninayohangaika nayo usiku haijaniuliza shahada bado. Lakini tusijidanganye. Siku hizi tunaandikia ndani ya vyombo ambavyo hatujui ndani vimekaaje, na mwenye navyo akiamua kubadili kitasa sisi tunakuta tumelala nje. Kijana anayejua kwamba herufi anayoiandika ni namba, na kwamba namba hiyo inaweza kuwa umeme wa volti 5 kwenye waya, ana kitu ambacho hakuna kitasa kinachoweza kumnyang'anya.

Kwa hiyo nakuachia zoezi, ndugu msomaji, nalo halihitaji kompyuta. Chora taa nane kwa mstari, ya kwanza ikiwa na thamani ya 1 na ya nane 128. Washa ya kwanza na ya saba, zima zote zilizobaki. Hiyo ni A. Washa ya pili na ya saba: hiyo ni B. Nyingine tafuta mwenyewe, kisha andika jina lako.